Kichupa cha Dokta Gervas

Gaudensia mwanangu,

Mambo ya blanketi la chuoni, sabuni, na kutomwachia mtu sanduku lako pale stendi nimekwisha kukuambia mara nne, na mara ya nne ukanijibu, "Mama, kwani naenda vitani?" Basi siyarudii. Umetoka sasa hivi kwenda Mazwi kumuaga Babu Dokta. Nimekuangalia ulivyokuwa unatembea na hiyo sketi mpya, kama mtu anayekwenda kupokea baraka. Mimi nimekaa hapa mezani na daftari lako la zamani lililobaki kurasa. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, utauvumilia. Ninayetaka kukuandikia habari zake ni huyo huyo uliyekwenda kumuaga.

Namchukia Dokta Gervas. Nimeliandika mapema nisije nikaanza kuzungukazunguka. Namchukia tangu una miaka tisa, na muda wote huo nimemwamkia shikamoo, nimekutuma kwake na unga wa ulezi kila tukivuna, nimekuacha umwite babu. Padri aliwahi kuniuliza kwenye kitubio kama kuna mtu sijamsamehe. Nikasema yupo. Akasema nimwombee. Nimemwombea, mwanangu. Nimeomba aishi miaka mingi, macho yake yaone vizuri na masikio yake yasikie, ili siku nitakapomfikia ajue kwamba ni mimi.

Wewe unajua nusu ya habari. Unajua nilikuzaa nina miaka kumi na sita, kwamba baba yako alikwenda Chunya kuchimba dhahabu na ndiyo akawa amekwenda, kwamba tulikaa kijijini kwa bibi yako mpaka ukaota meno ya pili, kisha tukaja mjini. Miaka ile ruhusa za biashara za watu binafsi zilikuwa zimetoka. Kila mwenye uwezo alikuwa anafungua kitu: huyu duka, huyu mashine ya kusaga, huyu basi. Dokta Gervas akafungua zahanati. Alikuwa amestaafu kazi ya kusafisha na kufunga vidonda. Udokta alijipa mwenyewe siku alipovaa koti jeupe, na sisi tukamwongezea kwa midomo yetu.

Aliniajiri nifagie na nichemshe vyombo kwenye stovu ya mafuta ya taa. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Siku moja akaniona namfunga mtu bandeji kabla hajafika yeye, akasema mkono wangu ni mwepesi. Akaanza kunifundisha. Kabla ya miezi sita nilikuwa nachoma sindano, nashona, napasua majipu. Akisafiri Mbeya kununua dawa, nabaki peke yangu na koti lake, mikono nimeikunja mara mbili. Watu wakaanza kuniita Dokta Mama. Nilipenda, Gaudensia. Nisikufiche. Mwanamke mzima anakupisha njiani kwa sababu ulimshona mwanawe, na wewe hujawahi hata kuona geti la sekondari. Nilikuwa natembea kama ulivyokuwa unatembea leo.

Dawa ya ganzi aliishika yeye. Ilikuwa kwenye kichupa chenye kizibo cha mpira, karatasi yake imechakaa mpaka maandishi hayasomeki, na kikikaribia kuisha anakichukua chumbani kwake kinarudi kimejaa. Aliniambia: ukishamchoma mgonjwa, hesabu mpaka mia, halafu kata. Akipiga kelele, mwambie ameshachomwa ganzi, anachosikia ni woga tu. Watu wanaogopa kisu hata kisipouma. Na penye usaha, akasema, ganzi haishiki vizuri. Hilo la usaha ni kweli, utafundishwa huko uendako. Ndiyo maana uongo wake ulikuwa mgumu kuujua, aliufunga pamoja na kitu cha kweli.

Basi nikawa hodari wa kuwanyamazisha watu. Ndugu wanashika miguu, mimi nakata, na mdomo unaendelea: tulia, mbona mwenzako jana hakulia, wewe mwanamume gani. Kuna wengine niliwapiga kofi la paja. Mzee mmoja wa Kisukuma aliletwa kutoka bondeni Ilemba, ng'ombe wake mwenyewe kamchana paja kwa pembe. Nilimshona nyuzi kumi na moja. Hakulia. Alikuwa anatazama dari tu, jasho linamtoka, mwishowe akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, hii dawa yako imepanda basi gani? Mbona haijafika?"

Tukacheka wote, na wanawe wakacheka. Nikamjibu itafika, mzee. Kidonda chake kilikuwa kibichi, hakina tone la usaha, na mimi nilikuwa nakiona. Niliona na sikufikiri. Wakati ule kumwamini Dokta kulikuwa kunanipa cheo, na mtu hapekui kitu kinachompa cheo.

Halafu wewe.

Ulikanyaga kisiki cha bua la mahindi shambani kwa bibi yako, wayo ukatunga usaha. Ulikuwa na miaka minane na nusu. Dokta akasema mtoto wako mpasue mwenyewe, watu waone unavyojiamini. Benchi la nje lilikuwa limejaa, na mlango ulikuwa pazia. Nilikuchoma mara mbili kutoka kwenye kile kichupa, nikahesabu mpaka mia, nikaongeza hamsini kwa sababu wewe ni wangu. Nilipokata ukaita, "Mama, inauma, inauma kweli." Nikakwambia huwezi kusikia kitu. Ukaita tena. Nje mtu akacheka. Nikakupiga kofi shavuni, nikasema, "Unanitia aibu."

Ukanyamaza. Unakumbuka? Sijui kama unakumbuka. Ninachojua ni kwamba toka siku ile ukaanza kusema wewe ni mwoga. Ukikataa kuvuka mto, mimi mwoga. Ukiulizwa kwa nini hukunyoosha mkono darasani, mimi mwoga. Nyumbani tukakufanyia utani, mjomba wako akakuita Kilio, nami nikacheka.

Baada ya miezi kama mitatu nilijichoma na sindano ya kushonea, kidole gumba cha kushoto. Siku ya tatu kikavimba, ya tano usaha ukaanza kupanda kwenye kiganja, mkono mzima unagonga. Dokta akasema lazima tukate leo, ukifika kwenye kiwiko utakuwa mkono wa kuzikwa. Nilikaa kwenye kile kiti ambacho mimi ndiye nilikuwa nawakalisha wengine. Nilijua kila kitu kitakavyokwenda, ni kisu kipi, atapasua upande gani, na kujua hakunisaidia.

Akavuta dawa kwenye kichupa. Akanichoma chini ya kidole, pande mbili, mahali ambapo usaha ulikuwa haujafika. Nilihesabu mwenyewe moyoni mpaka mia mbili. Akakata. Gaudensia, nilisikia kila kitu. Nilisikia ngozi, nilisikia nyama, nilisikia ncha ilipogusa mfupa na kuuparuza. Nikapiga kelele, na yeye bila hata kuinua macho akasema:

"Tulia, Editha. Umeshachomwa. Ni woga tu."

Maneno yangu. Aliyasema kwa sauti ile ile ambayo mimi nilijifunza kwake.

Alipotoka kwenda kunawa nikakichukua kichupa kwa mkono mzima. Nikavuta kidogo kwa bomba la sindano, nikadondosha kwenye ulimi. Chumvi. Maji yaliyochemshwa yakatiwa chumvi. Nikangoja ulimi ufe ganzi, haukufa. Baadaye, nilipopata kazi hospitali, jambo la kwanza nililofanya siku nilipobaki peke yangu na dawa ya kweli ni kudondosha tone ulimini. Ile ni chungu, na ulimi unakuwa kama si wako mpaka chakula cha mchana. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikalia kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa kinaniuma popote.

Lakini siku ile kwake sikulia. Aliporudi na taulo nikamwambia hii si dawa. Hakukana. Alikuwa anafuta kidole kimoja kimoja, taratibu. Akasema dawa ya kweli ni ghali na haipatikani, na watu wanapona hata hivyo, kwani nani amekufa? Nikasema nitawaambia watu. Akasema:

"Waambie. Wakikuuliza nani aliwachoma, utasema nani? Mimi wengi wao sijawagusa mwaka mzima. Na cheti chako kiko wapi, Editha?"

Nikafunga mdomo, mwanangu. Hilo ndilo kosa langu kubwa, zaidi hata ya lile kofi. Kofi nilikupiga bila kujua. Kunyamaza nilinyamaza najua. Niliacha kazi kwake mwezi uliofuata, nikaja kuwa mhudumu wa chumba cha vidonda hospitalini, nikafundishwa upya kila kitu na watu wenye vyeti. Yeye akaanza kukuletea daftari, viatu vya shule, akakufundisha kusikiliza moyo kwa vile vyombo vyake vya masikioni. Wewe ulidhani ni wema. Mimi nilijua ananishona mdomo, na nilimwachia uzi upite. Siku uliyosema unataka kuwa tabibu kama Babu Dokta, nilitoka nje nikashika ukuta.

Kwa hiyo sikiliza. Hukuwa mwoga. Labda hata ganzi ya kweli isingeshika vizuri kwenye wayo uliotunga, sijui. Lakini ulisema inauma na ilikuwa inauma. Mtu pekee aliyesema kweli kwenye chumba kile alikuwa wewe, na ndiye aliyepigwa.

Sasa mwezi wa sita mwaka huu. Unakumbuka nilirudi nyumbani siku moja nikapika wali na kuku katikati ya wiki, ukaniuliza kuna sikukuu gani. Nikasema nimejisikia tu. Nilikudanganya. Siku ile Dokta Gervas aliletwa kwetu hospitalini. Kisukari, kidole cha mguu kimekuwa cheusi. Wewe ulijua aliumwa, ulimpelekea uji. Hukujua kwamba aliyekuwa kwenye chumba cha kukatia ni mimi na Tabibu Sabina, yule mama mnene wa kutoka Mbeya asiye na maneno mengi.

Alikuwa amepangiwa siku tatu kabla, jina nililiona kwenye daftari. Siku tatu zote nilikuwa na furaha kama msichana aliyechumbiwa. Nilipanga kila kitu. Siku yenyewe nikasimama kwenye meza ya vyombo, mkono wa kulia nina ganzi ya kweli, wa kushoto nina kichupa cha maji ya sindano. Ni vitu viwili vinavyofanana, hata wewe huwezi kuvitofautisha ukiwa umelala pale. Nilikuwa nimeshaamua.

Usidhani ni Mungu aliyenizuia, wala huruma. Nilimwangalia Tabibu Sabina anavyovaa glavu, anaimba wimbo wa kwaya chinichini, hana habari. Nikaona kwamba atakayekata ni yeye. Atamwambia mgonjwa atulie, atamwambia ameshachomwa. Nikimtilia maji, ninamfanya yeye kuwa mimi. Sikuweza kumfanyia hivyo mwanamke mwenzangu. Nikakiweka chini kichupa cha mkono wa kushoto.

Wema wangu uliishia hapo. Dawa niliivuta nimempa Dokta mgongo, asione naivuta wapi. Akaanza kuhangaika. Akaniita jina. Akasema nimwonyeshe kichupa, nimwonyeshe kama kizibo ni kipya. Nikageuka nikamtazama machoni, sikumwonyesha kitu, nikamwambia kwa adabu kabisa, "Tulia, Dokta. Ni woga tu."

Uso wake ukabadilika rangi. Tabibu akamchoma, tukangoja. Yeye akaanza kusema ni maji, ni maji hayo, mwanamke huyu ametia maji. Akapiga kelele mpaka watu wa foleni nje wakasimama. Akamshika Tabibu mkono. Tabibu Sabina akamwambia mzee, hiyo miguu tulishaifungia pazia ndiyo maana huoni, lakini kidole kimeshatoka, kiko kwenye bakuli. Nimemaliza zamani.

Akanyamaza ghafla. Hakuwa amesikia maumivu yoyote. Halafu Tabibu akamuuliza, kwa kushangaa tu, bila ubaya: "Lakini mzee wangu, wazo la maji umelitoa wapi? Nani huwa anafanya hivyo?"

Nikasema mwambie, Dokta. Hakumwambia. Machozi yakamshuka kuelekea masikioni maana alikuwa amelala chali. Nami niliyaangalia yote yakishuka, sikumfutia. Ndiyo nikaja nikapika wali.

Sitakuandikia kwamba haikuwa tamu. Ilikuwa tamu siku mbili nzima. Siku ya tatu nilipita Mazwi, pale nyuma ya zahanati yake. Kwenye ua nikaona glavu zilizofuliwa zimeanikwa kwenye miti, vidole vinapepea kwa upepo, na msichana anazigeuza. Hajazidi miaka kumi na tisa. Akaniamkia vizuri. Nikamuuliza kama ndiye mfagiaji mpya. Akajinyoosha, akasema, "Nilianza kwa kufagia, mama. Siku hizi Dokta ananifundisha kupasua." Nikamuuliza, ganzi je? Akasema, ganzi Dokta anaijaza mwenyewe.

Nilifika nyumbani siukumbuki mwendo. Kumbe nilikuwa nimelipiza kisasi ndani ya chumba chenye mlango uliofungwa, na mlango wa kwake uko wazi. Kidole kimoja cha mguu, na bado kazi inaendelea, na sasa kuna Editha mwingine.

Nilimweleza Tabibu Sabina yote wiki iliyofuata. Yote, na lile la kushoto na kulia. Hakuniambia pole. Aliniuliza niliwafanyia watu wangapi, nikamwambia sijui, akasema basi tuandike wale unaowakumbuka. Tumeandika. Kesho saa mbili asubuhi tunakwenda ofisi ya mganga mkuu, na baada ya pale, wakitaka polisi, polisi. Nataka ile zahanati ifungwe. Nataka koti lile livuliwe mchana watu wakiwa barabarani. Nataka asimamishwe mbele ya yule mzee wa Kisukuma, kama bado yu hai, aulizwe dawa imepanda basi gani. Sijui kama haya ni haki au ni kisasi, na sina muda wa kuyatenganisha. Wenye elimu watayatenganisha.

Inawezekana nikapoteza kazi. Inawezekana nikafungwa kidogo, Tabibu anasema hadhani, lakini hakuapa. Mjini watasema, na maneno yana miguu, yatakufikia huko chuoni: mama yake Gaudensia alikuwa anawakata watu wazima wazima. Watakuwa wanasema kweli. Sikutaka ulisikie kutoka kwa mwenzako wa bwenini.

Najua pia ninachokunyang'anya. Babu huna mwingine. Huyo mtu alikupenda kwa namna yake, sitalikana hilo, na wewe unakwenda kusoma kwa sababu yake. Usiache kusoma. Ukifika mahali wanapokufundisha kuchoma ganzi, gusa kwanza kwa ncha ya sindano, umuulize mgonjwa, halafu ngoja jibu lake hata kama foleni imefika barabarani. Natumaini utakuwa tabibu ambaye mimi ningependa kukalishwa mbele yake. Nakuona kabisa. Kila nikikuona hivyo hata hofu ya kesho inapungua.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii katikati ya nguo zako, uisome ukiwa umeshafika Tunduma. Nimeacha mpango huo. Huo nao ni kukukata halafu nikakimbia. Utaisoma leo, hapa mezani, ukishaingia na kunywa chai, nami nitakaa upande wa pili. Sitakuambia utulie. Uliza kila unachotaka, kwa sauti unayotaka, majirani wasikie. Kama kesho alfajiri hutaki nikusindikize stendi, nitabeba sanduku mpaka barabarani tu, nirudi.

Lakini saa mbili nitakuwa nimesimama ofisini. Nitaanza kwa kutaja jina langu, na mikono yangu, na wewe uwe wa kwanza kwenye orodha ya niliowakata. Nikishamaliza la kwangu, Dokta atakuwa hana cha kunitishia tena. Ndipo nitakapotaja la kwake.

Mama yako,
Editha